Riwaya ya watu wengi, na kifo kisichomliza msomaji

Swali: Ninaandika riwaya ya ukoo mmoja wa Tanga katika vizazi vitatu. Mpaka sasa ina wahusika 34 wenye majina, na 21 kati yao wanaonekana katika sura tatu za mwanzo, kwa kuwa riwaya inafunguliwa na harusi. Bibi Mwanaidi, ambaye kwangu mimi ndiye roho ya kitabu, anaonekana harusini, kisha anatajwa na wanawe Mwanahawa na Mwanaisha na mjukuu wake Saida katika sura kadhaa, na katika sura ya tisa anafariki. Watu watatu wamesoma mswada. Wawili wamesifu lugha bila kusema lolote juu ya kifo hicho, na wa tatu aliniuliza: "Huyo Mwanaidi ndiye yupi?" Je, nipunguze wahusika? Na ipo idadi ambayo mwandishi hapaswi kuivuka?

Jibu: Msomaji aliyekuuliza "ndiye yupi?" amekusaidia kuliko wale wawili waliosifu lugha yako, kwa sababu ameonyesha mahali hasa palipokatika. Kifo cha Bibi Mwanaidi huenda kimeandikwa vizuri kabisa. Ila marehemu hakuwa amemfikia msomaji alipokuwa hai. Katika kazi yangu ya uhariri nimesoma miswada mingi ya riwaya za ukoo, na lalamiko hili ndilo ninalokutana nalo mara nyingi zaidi. Zamani nilikuwa nikiwashauri waandishi wapige mstari juu ya majina, mpaka nilipoona kwamba miswada hiyo ilirudi ikiwa myembamba zaidi na bado haimlizi mtu. Watu walikuwa wamepungua, lakini namna msomaji alivyokutanishwa nao ilikuwa ileile.

Kwa hiyo nijibu kwanza swali lako la mwisho: idadi hiyo haipo. Vita na Amani ya Leo Tolstoy, iliyotoka kati ya 1865 na 1869, ina wahusika zaidi ya 500, na wasomaji wameendelea kuwalilia baadhi yao kwa karne moja na nusu. Riwaya kubwa ya Kichina ya Cao Xueqin, ya karne ya 18, ina zaidi ya 400. Zipo tarakimu ambazo hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya namna hii: mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba hivi, mwenzake Nelson Cowan akavishusha hadi kama vinne mwaka 2001, naye mwanaanthropolojia Robin Dunbar akapendekeza katika miaka ya 1990 kwamba binadamu huweza kudumisha uhusiano na watu wapatao 150. Hakuna hata moja iliyotokana na utafiti juu ya usomaji wa riwaya, na mtu akikwambia kwamba riwaya haipaswi kuzidi watu kadhaa kwa sababu ya tarakimu hizo, usimsikilize. Jambo moja tu katika hayo linakuhusu, nalo ni tofauti kati ya watu ambao msomaji anawafahamu tayari na watu wapya ambao anatakiwa awashike kwa mara moja. Katika riwaya nzima wanaweza kuwa mia, lakini katika tukio moja, wapya watano wenye majina ni mzigo, na wewe umempa 21 katika karamu moja, wote wakiwa wamevaa vizuri na wote wakiwa na furaha.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya uandishi vilivyoandikwa kwa lugha kama Kiingereza na Kifaransa haviligusi, kwa sababu tatizo hilo haliwakuti sana waandishi wa lugha hizo. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika kiambishi cha nafsi. Mwandishi wa Kiingereza au Kifaransa akiwaweka mume, mke na mkwe katika chumba kimoja, viwakilishi vyake humsaidia kumtenga angalau mmoja. Sisi tunaandika "alimwambia kwamba amemwona akimfuata," na msomaji hana njia ya kujua nani alimwambia nani kwamba nani alikuwa akimfuata nani. Watu wawili tunawamudu. Wakifika watatu, tunalazimika kurudia majina, au kutegemea "huyu," "huyo" na "yule," au kutumia cheo cha udugu, na kila mara tunapofanya hivyo tunamtaka msomaji alikumbuke jina lile. Ndiyo maana umati wa wahusika humgharimu zaidi msomaji wa Kiswahili, na ndiyo maana majina yanayofanana, ambayo katika lugha nyingine ni kero ndogo, kwetu yanaweza kuiangusha sura nzima. Mwanaidi, Mwanahawa na Mwanaisha ni majina mazuri, na katika maisha ni kawaida kabisa mama na wanawe kuitwa hivyo, lakini kwenye ukurasa jicho linasoma "Mwana" mara tatu na kupita. Sehemu ya jibu la "ndiye yupi?" imo humo.

Ongeza juu ya hilo desturi yetu ya kumwita mtu mmoja kwa majina mengi. Mwanamke huyohuyo ni Bibi Mwanaidi kwa msimulizi, Mama Mwanahawa kwa majirani, shangazi kwa Fulani, somo kwa mwingine, na pengine ana jina la utani ambalo wazee tu ndio wanaolitumia. Wasomaji wa riwaya za Kirusi wanaujua usumbufu huu kupitia majina ya ubini na vifupisho vya upendo. Sikushauri uiache desturi hiyo, kwa kuwa mtu anavyoitwa na kila mmoja ndivyo anavyohusiana naye, na riwaya ya ukoo isiyo na "Mama Fulani" ingekuwa na harufu ya ofisini. Nashauri tu kwamba jina la pili lisije kabla msomaji hajalizoea la kwanza, na lije kinywani mwa mtu anayemwita hivyo akiwa mbele yake.

Sasa niingie kwenye kiini cha jambo, na hapa nitatumia neno letu la kawaida, kuzoea, kwa sababu naliona linaeleza vizuri kuliko istilahi za uhakiki. Humpendi mtu wa riwaya kwa kuelezwa sifa zake, unamzoea. Na kumzoea mtu, kitabuni kama mtaani, hutokana na kurudi kwake: umemwona jana akifanya hivi, leo umemwona akifanya vile, na kesho unajua kabla hajatenda kwamba atafanya vipi, au unashangaa kwamba hakufanya. Bibi Mwanaidi ameonekana mara moja tu, kisha akawa habari katika midomo ya wengine. Kutajwa si kurudi. Mwandishi anayemjua bibi huyo kwa undani husikia sauti yake kila anapotajwa, lakini msomaji husikia jina tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote juu ya jambo hili uko katika riwaya hiyohiyo ya watu 500. Petya Rostov ni mtoto wa mwisho wa familia ya Rostov, mhusika mdogo kwa kipimo chochote, na ukizihesabu kurasa zake ni sehemu ndogo tu ya zile za Pierre, mmoja wa wahusika wakuu, au za Natasha, dada yake Petya. Tunamwona akiwa mtoto mezani siku ya sherehe nyumbani kwao. Tunamwona miaka baadaye akiwa kijana anayetamani vita bila kujua vita ni nini. Kisha mwaka 1812, Napoleon alipoivamia Urusi, tunamkuta kati ya askari wanaovizia Wafaransa, ambako anawagawia maofisa wakubwa kuliko yeye zabibu kavu alizonunua, akieleza kwamba amezoea kula kitu kitamu, halafu anaona haya kuulizia hali ya mtoto mpiga ngoma wa Kifaransa aliyetekwa, kwa hofu ya kuonekana mtoto. Asubuhi anauawa. Denisov, afisa anayeijua familia ile tangu zamani, anaikaribia maiti na kinachomjia akilini ni maneno yale ya zabibu. Tolstoy hakuhitaji kumpa Petya sura nyingi. Alimrudisha mara chache, kila mara akiwa amebadilika kidogo na akiwa na jambo dogo analolitaka, na akamwachia kitu kimoja ambacho msomaji angekibeba mpaka kwenye kifo.

Lakini Petya hatuumizi peke yake. Habari inapofika nyumbani, mama yake anapoteza akili kwa huzuni, na Natasha, ambaye wakati huo amejifungia katika msiba wake mwingine, analazimika kutoka humo ili amshike mama. Hao tumekaa nao kurasa mamia. Nadhani hapa ndipo riwaya inapofanana zaidi na desturi zetu za msiba kuliko watu wanavyodhani. Tunapokwenda matangani, mara nyingi marehemu hatukumjua. Tumekwenda kwa sababu ya mfiwa, na pole tunampa yeye. Tukimwona mtu tunayemzoea amekaa mkekani hana la kusema, machozi yanatoka kwa ajili ya mtu ambaye hatukuwahi kumsalimia. Riwaya ya watu wengi inaweza kuegemea jambo hilo, maana haiwezi kumpa kila mhusika nafasi ya kuzoeleka, lakini inaweza kuhakikisha kwamba kila anayekufa ana mfiwa ambaye msomaji anamjua. Katika sura yako ya tisa, kwa maelezo uliyonipa, anayelia zaidi ni ukoo kwa jumla. Ukoo haupewi pole, anapewa mtu.

Kuna utafiti wa saikolojia ambao, ingawa unahusu michango ya fedha na si vitabu, hunikumbusha jambo hili kila ninaposoma mswada wenye umati. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu walichangia zaidi walipoelezwa habari za Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, kuliko walipopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa. Na walipopewa vyote viwili kwa pamoja, Rokia na takwimu, mchango ulishuka ukilinganishwa na ule wa Rokia peke yake. Hilo la mwisho ndilo la kutafakari. Umati haukuongeza chochote juu ya huruma aliyokuwa amekwisha kuipata mtoto mmoja, uliipunguza.

Ukiyajua hayo utaona kwamba waandishi wakubwa wakati mwingine huutumia upungufu huo kwa makusudi. Katika riwaya ya Gabriel García Márquez ya 1967 juu ya ukoo wa Buendía, Kanali Aureliano ana wana 17 kwa wanawake 17, na wote wanaitwa Aureliano. Wanapowindwa na kuuawa, isipokuwa mmoja anayeponea kwa muda, msomaji hushtuka na kutishika, lakini hawaombolezi mmoja mmoja, wala hajaombwa kufanya hivyo: kufanana kwa majina kumewafanya kuwa idadi, na idadi ndiyo inayotisha. Anayezoeleka humo ni Úrsula, mama wa ukoo, anayeishi zaidi ya miaka mia, na ambaye vizazi vinapita mbele yake huku yeye akiendelea kufagia, kuhesabu na kukemea. Yeye ndiye bibi mwenye kitabu. Linganisha na wako: Úrsula yupo nyumbani kila tunaporudi, ilhali Bibi Mwanaidi tunaambiwa kwamba yupo.

Katika fasihi yetu, kazi ambayo ningekuomba uisome tena kwa jicho la mwandishi ni Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka 2017. Maelfu ya wanafunzi wa Kenya waliisoma kwa ajili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na wengi waliisoma wakiwa na orodha ya wahusika pembeni, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi wa wingi wa watu walio humo. Ukiichunguza, utaona mbinu mbili zikifanya kazi tofauti. Katika shule ya Tangamano, wasichana kadhaa wanasimuliana masaibu yao, kila mmoja kwa zamu: Kairu, Mwanaheri, Zohali, Chandachema. Kila kisa ni kizito, na kwa dhamira ya riwaya, ambayo ni hali ya nchi nzima baada ya ghasia za uchaguzi, mpangilio huo una sababu yake. Hata hivyo, kwa maoni yangu, baada ya kisa cha tatu msomaji huanza kuhuzunikia hali badala ya mtu. Umulkheri, au Umu, msichana mwingine wa riwaya hiyo, ni suala jingine. Wadogo zake wawili, Dick na Mwaliko, wanaibwa na Sauna, mfanyakazi wa nyumbani mwao, na kuanzia hapo kila anapotokea Umu tunakumbuka waliopotea, na anapotokea Dick kwingineko katika mikono ya walanguzi tunamkumbuka Umu. Watu watatu wanazoeleka kwa gharama ya mmoja, kwa sababu wamefungwa kwa uzi mmoja wa kutafutana. Wanapokuja kuonana, hatuhitaji orodha.

Usidhani pia kwamba msomaji lazima amzoee mtu ndipo riwaya imguse. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster alitofautisha mwaka 1927 wahusika bapa, waliojengwa juu ya sifa moja, na wahusika duara, wenye sura nyingi na wanaoweza kutushangaza, na wanafunzi wetu wameikariri tofauti hiyo mpaka wanadhani kwamba bapa ni kasoro. Sivyo. Charles Dickens, aliyeandika riwaya zake nyingi kwa sehemu za kila mwezi, aliwapa wahusika wake wadogo neno wanalolirudia au kitendo kimoja cha mwili, ili msomaji awatambue hata baada ya wiki nne za kungoja, na hao bapa wanakumbukwa kuliko mashujaa wake kadhaa. Mhakiki Alex Woloch, katika kitabu chake cha 2003, analitazama jambo kwa njia ninayoiona ina manufaa zaidi kwa mwandishi: riwaya ina nafasi yenye kikomo, na kila mhusika anayepewa nafasi amemnyang'anya mwingine, hivyo wahusika wadogo si watu wasio na undani bali ni watu ambao undani wao umewekwa kando. Adam Shafi katika Kuli, ya 1979, aliigawa nafasi hiyo kwa ustadi: bandari ya Zanzibar imejaa wachukuzi ambao wengi wao hatuwajui kwa majina, lakini tunawaona kupitia Rashidi, aliyerithi kazi iliyomuua baba yake Majaliwa, na mgomo unapofika, tunaupenda umati kwa sababu tunamjua mmoja aliyemo.

Turudi kwenye mswada wako. Harusi usiifute. Tolstoy naye alifungua kwa karamu, jioni ya Julai 1805 katika sebule ya Anna Pavlovna Scherer, na wageni ni wengi. Lakini kati yao alimtia Pierre, kijana mnene mwenye miwani, mgeni wa hadhara kama hiyo, anayezungumza kwa sauti kubwa juu ya mambo yasiyopaswa kusemwa, huku mwenyeji wake akimfuata kwa macho ya hofu. Tunawaona wengine kwa kadiri wanavyokwaruzana naye. Harusi yako haina mtu wa kukwaruza. Ningempa kazi hiyo Saida, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa mfiwa. Mpe umri wa miaka saba au minane, mtu anayetumwa huku na huko na asiyejua siri za wakubwa, na awe amekabidhiwa kwa bibi yake siku nzima. Wale 21 watakuwa "yule mjomba wa Pangani" na "mwenye koti" na "mpishi" mpaka sura nyingine iwahitaji kwa majina, na usiogope kumwacha mtu bila jina hata mwisho wa kitabu.

Kisha mrudishe bibi mara tatu kabla ya sura ya tisa, yeye mwenyewe na si habari zake, akiwa na jambo dogo analolitaka na ambalo mara moja angalau analikosa. Mara moja awe mkosaji. Wazee wa riwaya zetu wana tabia mbaya ya kuwa na hekima kila wanapofungua kinywa, na mtu mwenye hekima wakati wote hazoeleki. Anaheshimiwa tu, kama picha ya ukutani. Mambo ambayo sasa yanasimuliwa na Mwanahawa na Mwanaisha yapunguze kwa nusu, na uangalie kama mabinti hao ni watu wawili kweli au ni mmoja uliyemgawa ili ukoo uonekane mkubwa. Kama ni mmoja, uchungu wa kumuunganisha utakwisha baada ya siku mbili.

Mti wa ukoo ukurasa wa mwanzo unaweza kuuweka, lakini uandike riwaya kana kwamba haupo, kwa maana msomaji anayerudi nyuma kuutazama mti amekwisha kutoka ndani ya nyumba uliyomkaribisha. Ukimaliza, watafute wasomaji watatu wapya, uwape mpaka sura ya nane tu, na uwaulize kesho yake, bila mswada mbele yao, wawataje wanaowakumbuka. Wakimtaja bibi kwa kitu alichokifanya, na si kwa jina, mpe jina lolote ulipendalo, hata hilohilo la Mwanaidi.